Kwa nini mwenye nyumba pekee hawezi kuwamaliza panya Sericho

MWENYE duka katika wadi ya Sericho, Kaunti ya Isiolo, anaweza kununua sumu, akatega mitego na kufuga paka, na bado gunia lake la mahindi likatobolewa usiku uo huo. Panya anayemsumbua hana mwenyewe: hushinda jaani, hula katika ghala la jirani na kuzalia kwenye paa la nyumba ya tatu. Ndiyo sababu sheria za Kenya hazikuliacha suala hili mikononi mwa mwenye nyumba.

Sheria ya Afya ya Umma, iliyotungwa enzi za ukoloni, huhesabu nyumba chafu iliyojaa wadudu na wanyama waharibifu kuwa kero kwa umma, na mwenyewe aweza kuamriwa aiondoe kero hiyo. Yataka pia maghala ya vyakula yajengwe kwa namna ambayo panya hawezi kupenya. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za afya mashinani pamoja na uzoaji wa taka ni kazi ya kaunti. Basi mkazi wa Sericho anayeuliza jaa lililofurika ni la nani hana haja ya kutazama Nairobi. Jibu liko mjini Isiolo.

Ukali wa sheria za aina hii una historia. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka wa 1902, wakuu waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya. Panya akifa, kiroboto humhama na kutafuta damu kwingine, hata kwa binadamu. Kwa hivyo penye tauni huuawa viroboto kwanza, panya baadaye. Huko Lushoto, Tanzania, tauni iliyoingia mwaka wa 1980 iliendelea kuzuka mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sericho hofu ya kila siku ni nyingine. Hili ni eneo la wafugaji, wengi wao Waborana, na ukame wa 2020 hadi 2023 ulipoangamiza mifugo kaskazini mwa Kenya, jamaa nyingi zilibaki zikitegemea chakula cha msaada. Panya haishii kula. Hukojoa na kunya juu ya kile anachobakisha, na mkojo wake waweza kuambukiza homa ya leptospirosi. Kisha huja nyoka. Swila na moma huwafuata panya hadi ndani ya nyumba, na mtoto anayelala juu ya mkeka sakafuni ndiye aliye karibu nao. Kutoka Sericho hadi hospitali kubwa ni safari ndefu.

Wengi hukimbilia sumu. Kisheria, kila dawa ya kuua waharibifu yapaswa kusajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 1982, lakini ile inayouzwa kwa vipakiti visivyo na maandishi haina wa kuiuliza. Mbuzi huila. Mtoto aweza kuila. Paka au bundi anayekula panya aliyelishwa sumu aweza kufa pia, na hivyo mwindaji huondoka huku windo likibaki. Panya hubeba mimba kwa takriban wiki tatu tu. Iwapo chakula bado kimetapakaa, pengo lililoachwa na waliokufa hujazwa upesi.

Kinachofaa ni kazi isiyo na fahari: taka zizolewe kwa siku zinazojulikana, magunia yainuliwe juu ya chaga mbali na ukuta, sehemu ya chini ya milango ya maghala ifunikwe kwa bati, na matundu yazibwe, hata yale ya upana wa kalamu, kwani panya mdogo hupenya humo. Tena mitego itegwe kijiji kizima kwa wiki moja. Mwito wa namna hiyo wahitaji afisa wa afya ya umma mwenye pikipiki na mafuta.

Hayo yote ni fedha. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao unapoandaliwa. Katika nchi kavu kama hii watu hudai kisima kwanza, na nani atawalaumu? Hata hivyo, mafuta ya pikipiki hiyo yasipotajwa wakati huo, hayataonekana katika bajeti ya mwaka unaofuata.