Chuma cha Kulehemu: Uliza Kwanza Umeme Unatoka Wapi

Fundi wa redio wa Kipese na fundi wa simu wa Butembo wanaweza kuingia duka moja, wakanunua chuma cha kulehemu cha aina moja kwa bei moja, na kabla mwaka haujaisha mmoja akawa amelipa zaidi sana kuliko mwenzake. Mjini Butembo mtu hupata jenereta, inveta kubwa, pengine hata laini ya umeme inayopita mtaani. Kule Kipese, vijijini Lubero, karakana nyingi huishi kwa paneli ya jua na betri moja, na siku ya ukungu betri hiyo haijai. Hapo ndipo gharama ya chuma inapoanza kuhesabika.

Tuanze na kile cha bei ya chini kabisa: mpini wa plastiki, waya wenye pini mbili, volti 220, kimeandikwa wati 30, 40 au 60. Huuzwa dola chache tu na ndicho kinachojaa madukani. Kwa redio, taa za jua, spika na nyaya kinafaa, mradi wati zake ziwe za kweli. Usiamini maandishi ya boksi. Nenda na multimeta. Kwa vyuma hivi vya waya wa kawaida ndani, pima omu kati ya pini mbili za plagi. Cha wati 60 kinapaswa kuonyesha karibu omu 800, cha wati 40 karibu 1,200, cha wati 30 karibu 1,600. Ukipima kilichoandikwa 60 ukaona 1,600, umeshikilia cha 30 kilichovaa nguo za kaka yake. Muuzaji akikataa kukuacha upime, nenda duka la pili. Bidhaa hizi hutoka mbali, nyingi China, zikapita Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi; ukishafika nazo Kipese, kuzirudisha kwa sababu ya wati zilizopungua ni nauli juu ya hasara.

Sasa hesabu ya betri. Chuma cha wati 60 kupitia inveta huvuta kwenye betri ya volti 12 ampea 5, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta, karibu 6. Chukua betri ya asidi ya ampea-saa 40. Anayetaka idumu haitoi zaidi ya nusu, yaani 20. Saa tatu na kidogo imekwisha, na hapo hujawasha taa ya karakana wala kuchaji simu ya mteja. Mafundi wengi nao huacha chuma kimewaka asubuhi hadi jioni kikisubiri kazi, na kwa betri huo ni ubadhirifu mtupu.

Kwa karakana ya namna hiyo ningenunua chuma cha volti 12 kinachoungwa moja kwa moja kwenye betri kwa klipu mbili. Cha wati 30 huvuta ampea 2.5. Betri ile ile, nusu ile ile, inakupa saa nane, na inveta inabaki imezimwa. Bei yake haiko mbali na kile cha 220, ila hakipatikani kila duka. Inabidi kuulizia kwa wauza vifaa vya jua na vya magari. Kasoro yake ni joto lisilorekebishika, na kikikutana na waya mnene wa paneli kinachoka.

Hatua ya juu yake ni vyuma vidogo vyenye kompyuta ndani, kama TS100 ya Miniware au Pinecil ya Pine64, vinavyokubali volti 12 hadi 24. Pinecil ilitoka mwaka 2020 na kiwandani bei yake ni karibu dola 26, kabla ya usafiri. Hupata joto kwa sekunde chache na hujipunguza chenyewe ukikilaza, jambo ambalo kwa mwenye betri ni pesa. Lakini hapa wengi hudanganyika. Nguvu yake hufuata volti: TS100 kwa volti 12 hutoa wati 17 tu, kwa 19 hutoa 40, kwa 24 hutoa 65. Mwenye betri moja ya 12 atalalamika kwamba amenunua kitu kibovu, kumbe anakilisha njaa. Betri mbili zikiunganishwa kwa mfululizo, au chaja ya laptopu ya volti 19 au 20 mahali penye umeme, zinakifufua. Shida nyingine ni ncha: ni za aina yake, na ikifa moja utaagiza mbali. Asiyekuwa na ndugu au mfanyabiashara anayesafiri mara kwa mara afikiri mara mbili.

Mjini, penye umeme wa 220 wa kuaminika, chaguo langu ni chuma cha wati 60 chenye kitufe cha kurekebisha joto na ncha za namba 900M. Ncha hizo zilianza na stesheni za kulehemu za kampuni ya Hakko ya Japani, zikaigwa na viwanda vingi vya China, ndiyo maana zinauzwa rahisi na kwa maumbo mengi. Kabla hujalipia chuma chochote, mwambie mwenye duka akuonyeshe ncha za akiba. Asipokuwa nazo, unanunua kifaa cha miezi michache. Stesheni halisi ya Hakko, ambayo Marekani yenyewe inapita dola 100, niwaachie wanaotengeneza simu kutwa nzima, na hao pia watahitaji mashine ya hewa moto.

Ncha iliyopakwa chuma juu haipigwi tupa kamwe. Ukikwangua ngozi yake, shaba iliyo ndani italiwa haraka. Ifute kwenye sponji yenye unyevu, na kabla ya kuzima ipake lehemu. Ile ya shaba tupu unaweza kuipiga tupa, nayo itaisha taratibu mkononi mwako.

Waya wa lehemu nao una aina mbili. Wa bati 63 na risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 na hung'aa ukipoa. Usio na risasi, ambao umekuwa kawaida viwandani tangu Umoja wa Ulaya upige marufuku risasi kwenye vifaa vya umeme Julai 2006, huyeyuka karibu nyuzi 217 na huomba chuma chenye nguvu zaidi. Kwa chuma dhaifu, wenye risasi ni rahisi kufanya nao kazi, lakini una masharti. Kwa joto la chuma, risasi haipandi na moshi. Inabaki vidoleni na mezani, kisha huingia mdomoni na mhogo au sambusa. Usile kwenye meza ya kazi, nawa kwa sabuni, na watoto wasichezee vipande vilivyoanguka chini. Moshi unaouona ni wa utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya, na huo huweza kuleta pumu: fungua dirisha, usiinamishe uso juu ya kazi. Ile dawa ya asidi ya mafundi bati iache kwao, itaila bodi polepole.

Mambo matatu ya mwisho ni ya kuokoa maisha. Kapasita kubwa ya kifaa cha volti 230 huweza kubaki na volti zipatazo 325 hata plagi ikishachomolewa; itoe chaji kwa rezista na uipime kabla ya kuigusa. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa hidrojeni, kwa hiyo klipu za chuma cha volti 12 usizifunge wala kuzifungua wakati paneli inachaji, maana cheche moja inatosha. Na betri ya lithiamu ya simu au tochi usiilehemu moja kwa moja kwenye mwili wake. Iliyovimba usiisogezee joto kabisa, mrudishie mteja umwambie anunue nyingine.