Bwawa la mwenye shamba, hatari ya walio bondeni

Usiku wa Mei 9, 2018, tuta la bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Maji na tope vikashuka hadi vijiji vya Energy na Nyakinyua, na watu 48 wakafa. Bwawa lilikuwa mali ya shamba la kahawa, na baada ya maafa wasimamizi wa rasilimali za maji walisema halikuwa na kibali. Watu 9 walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachia kwa kuwa upande wa mashtaka haukuendeleza kesi. Baadaye Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi huo.

Kesi imeandikwa sana. Biashara iliyo nyuma yake haijatazamwa vya kutosha, na ndiyo inayoeleza kwa nini Solai inaweza kutokea tena.

Mahindi husubiri mvua. Maua, parachichi na mboga za kuuza nje haziwezi kusubiri, na mkulima aliyekinga maji ya masika akayatumia kiangazi huuza wakati wenzake hawana kitu. Bwawa la udongo ndiyo njia nafuu ya kuyakinga: udongo upo palepale shambani, kinachotakiwa ni korongo, dizeli na tingatinga la kukodi. Tingatinga hulipwa kwa saa, na hapo ndipo ubahili unapoingia. Tuta imara hujengwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikilowanishwa kidogo na kushindiliwa kabla ya nyingine kumwagwa juu yake. Chini huchimbwa mtaro ukajazwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye. Kushindilia kunakula saa. Utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kupitisha maji bwawa likijaa, unakula ardhi na haumwagilii hata shina moja. Anayetafuta pa kupunguza gharama hupunguza hapo, na bwawa likivuka masika ya kwanza salama huamini alifanya hesabu sawasawa.

Maji yakipita juu ya tuta la udongo, hulila kwa saa chache tu. Kuna njia nyingine ya polepole. Maji hufuata mzizi uliooza, pango la mchwa au ubavu wa bomba la kutolea maji, yakibeba udongo chembe kwa chembe hadi upenyo unakuwa handaki. Hii mlinzi wa shamba anaweza kuigundua mapema. Akikuta upande wa chini wa tuta panavuja maji maangavu, apawekee alama na kupatazama kila siku. Yakianza kutoka yenye rangi ya udongo, apige simu saa hiyohiyo na watu wa bondeni waondoke. Miti iliyoachwa ikakua juu ya tuta ing'olewe ingali michanga, na utoro usafishwe kabla ya mvua. Fyekeo, daftari na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo vinatosha kuanzia. Kwenye mashamba madogo mara nyingi mtu huyo hayupo.

Serikali nayo inapima nini? Kanuni za Kenya za 2007 ziligawa mabwawa katika madaraja matatu kwa kina, ujazo na ukubwa wa eneo linalokusanya maji. Lenye kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita 100,000 za ujazo likaitwa la hatari ndogo. Mita hizo ni karibu tani 100,000 za maji, na zikiwa juu ya kilima chenye kijiji miguuni sioni udogo wake uko wapi. Bwawa lililochimbwa juu ya malisho matupu miaka thelathini iliyopita leo lina nyumba na shule chini yake, lakini kina chake ni kilekile, na daraja lake ni lilelile.

Afrika Kusini huanza kulihesabu bwawa kuwa la kuangaliwa ukuta ukizidi mita 5 na ujazo ukizidi mita 50,000, kisha hulipanga kwa ukubwa pamoja na madhara: wangapi wanaweza kufa, mali gani itapotea. Huko England sheria ya mabwawa ya 1975 ilianzia ujazo wa mita 25,000, na Wales wameshuka hadi 10,000.

Ukaguzi unataka fedha. Chini ya kanuni za Kenya za 2007, maji ya umwagiliaji yalitozwa senti 50 kwa mita ya ujazo. Bwawa la mita 100,000 likitumika lote, mamlaka ya rasilimali za maji ilipata Sh50,000. Humo mhandisi, gari, mafuta na kesi ya mahakamani havienei. Ada pia ilifuata maji yanayotumika, kwa hiyo bwawa bovu lililotelekezwa, ambalo ndilo la kuogopwa zaidi, halikuingiza kitu. Naamini mwenye bwawa anapaswa kulipa kwa kadiri ya watu anaowaweka hatarini.

Mei 2024, siku chache baada ya maafa ya mafuriko ya Mai Mahiu, serikali ya Kenya iliwapa wanaoishi karibu na mabwawa 178 saa 24 wahame. Orodha ya mabwawa hayo ingebandikwa kwa chifu mapema, ikiwa na tarehe ya ukaguzi wa mwisho na jina la mhandisi, familia zingejua kabla ya mvua kama zilale au zihame.

Tanzania ina sheria ya rasilimali za maji ya 2009, kanuni za usalama wa mabwawa za 2013 na bodi za maji za mabonde za kuzisimamia. Hata hivyo, Novemba 7, 2022 tuta la bwawa la topesumu la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, lilipasuka, tope likafunika mashamba na makazi.

Wanunuzi wa Ulaya wana nguvu ambayo bado haijatumika ipasavyo. Vigezo vya GlobalG.A.P., cheti cha kilimo wanachokidai wengi wao, vinamtaka mkulima aonyeshe vibali halali vya kutumia na kuhifadhi maji pale sheria inapovidai. Mkaguzi wa cheti anayefungua faili la vibali ofisini aombe pia kupelekwa kwenye tuta, na benki inayokopesha pampu na mabomba idai ripoti ya mhandisi kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.