Fahamu: Basenji, mbwa wa Kongo abwekaye kwa nadra

Katika misitu ya Kongo, hasa ile ya Ituri, ambako watu wa jamii ya Wambuti wamewinda kwa nyavu tangu dahari, yuko mbwa mdogo wa mawindo aitwaye basenji, mwenye masikio wima, paji lenye makunyanzi na mkia uliojikunja juu ya mgongo, ambaye wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni kabla ya kumwachilia vichakani akurupushe wanyama, kwani ni nadra mno kubweka. Si bubu, hasha: zoloto lake hutoa sauti ya kughani. Hujisafisha kama paka, na jike aghalabu huzaa mara moja tu kwa mwaka. Basenji waliopelekwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 waliangamizwa na maradhi. Mwaka 1937, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts huko huko, ndipo basenji alipopata sifa.