"Nimetumiwa, Nami Natuma": Uvumi wa Chanjo Katika Simu Zetu

Tuchukue mfano wa mama wa Nachingwea. Taarifa imetoka shuleni kwamba binti yake wa miaka 10 atachanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Jioni, ujumbe wa sauti unaingia katika kundi la WhatsApp la ukoo. Msemaji hajitaji jina. Anadai chanjo hiyo huua uzazi. Mama anaingiwa na hofu, anamtumia dada yake aliyeko Ruangwa, na chini anaandika: "Nimetumiwa, nami natuma." Kesho yake mabinti wawili wanabaki nyumbani.

Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoingia katika safu ya wapinga chanjo: si kwa chuki, bali kwa mapenzi ya mtoto. Uvumi hatukuutunga, ila tumeupa miguu. Na neno litokalo kwa dada huaminiwa kuliko la mtu baki.

Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini kote Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Huzuia aina za virusi vinavyosababisha sehemu kubwa ya saratani hiyo, inayowaua wanawake wengi wa Tanzania. Haiui uzazi.

Madai haya si mageni. Mwaka 2003 Jimbo la Kano, Nigeria, lilisitisha chanjo ya polio kwa hofu hiyohiyo. Lilirejea mwaka uliofuata, baada ya kupatikana chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini polio ilikwisha kusambaa nchi nyingi, na mwaka 2005 ikafika Indonesia kwenyewe. Watoto walilemaa.

Mzazi ana haki ya kuuliza. Kuuliza si dhambi. Hata mahujaji wetu huchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya safari. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuchunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Basi ujumbe huo upelekwe kwanza kwa mhudumu wa zahanati, kisha kwa shekhe. Usipothibitika, ukome mikononi mwetu.

Na aliyekwisha kutuma? Njia ipo: awarudie wale wale aliowatumia, kuanzia na dada yake, awaambie, "Nilikosea."