DEK NA KABEJI: IPI INAJENGA MWILI ZAIDI?



Katika ziara zetu za jumuiya ndogo ndogo pande za Ndhiwa, tulikaa na kikundi cha akina mama siku ya soko. Mama mmoja alikuwa ametoka kuuza dek yake yote, aliyoichuma alfajiri kando ya boma lake. Ndani ya kikapu cha kurudi nyumbani alikuwa na kabeji moja kubwa. Tukamtania, "Mama, kumbe umebadilisha mboga kwa mboga?" Akajibu bila kusita: "Kabeji inaiva haraka, watoto wanaipenda, na moja inatosha nyumba nzima. Dek ni chungu, tena inataka maziwa. Kwani zote si mboga tu?"

Wenzake walicheka. Lakini mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye wiki hiyo kliniki ilikuwa imesema ana upungufu wa damu. Kwa hivyo hatukuweza kuliacha swali lake liishie kwenye kicheko. Katika toleo hili tunajaribu kumjibu, yeye na wengine wengi wa Homa Bay na Migori wanaofanya kama yeye.

TUZIFAHAMU KWANZA

Dek haihitaji kuelezwa kwa Mjaluo. Kwa majirani zetu Abagusii ni chinsaga, Waluhya wanaiita tsisaga, na kwa Kiswahili cha vitabu ni mgagani. Ni mboga ya jua kali. Huota yenyewe mahali palipolala ng'ombe, na baada ya wiki nne hadi sita tangu kupandwa iko tayari kuchumwa.

Kabeji ni mgeni aliyezoeleka. Hupenda baridi, kwa hiyo nyingi tunayonunua katika masoko yetu ya joto hufika kwa lori kutoka nyanda za juu. Faida yake ni kwamba haiharibiki upesi. Dek ikikaa tangu asubuhi mpaka jioni, imeshanyauka.

TUZIPIME

Mwaka 1997, James Chweya wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake Nameus Mnzava walitoa kitabu kizima juu ya dek. Tumechukua vipimo vyao vya dek na kuviweka kando ya vipimo vya kawaida vya kabeji. Hesabu zote ni za gramu 100 za mboga mbichi, yaani majani ya kujaza viganja viwili hivi.

Protini, ya kujenga mwili: dek ina gramu 3 hadi karibu 8. Kabeji ina gramu moja na kidogo.

Kalsiamu, ya mifupa na meno: dek ina kati ya miligramu 213 na 434. Kabeji ina kama 40.

Madini ya chuma, ya kutengeneza damu: dek ina kati ya miligramu 1 na 11. Kabeji ina kama nusu miligramu.

Rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kukinga maradhi: dek inayo kwa wingi. Kabeji nyeupe karibu haina.

Vitamini C: dek mbichi ina zaidi ya miligramu 100. Kabeji mbichi ina kama 37.

Msomaji atauliza, mbona chuma kinatoka 1 mpaka 11? Jani hutegemea udongo, mbolea, umri wake na aina ya mbegu. Mboga si kama soda ambayo kila chupa ni sawa. Lakini hata dek iliyo ya chini kabisa ina chuma kushinda kabeji. Kwa kalsiamu, kabeji haifiki hata robo ya dek.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa yule mama ni hili: hapana, si mboga tu. Siku ile aliuza mboga yenye nguvu akanunua iliyo hafifu, na aliyelipa gharama ni yule aliyekuwa mgongoni.

LAKINI TUINGIE JIKONI

Hapo mambo hayajaisha. Hakuna anayekula dek mbichi. Sisi huichemsha muda mrefu ili kuondoa uchungu, wengine wakiongeza magadi ilainike, kisha maji yale ya kijani tunayamwaga nje kwenye mgomba. Vitamini C huharibiwa na moto mwingi, magadi huiharibu zaidi, na sehemu kubwa ya ile iliyobaki hutoka na maji pamoja na vitamini nyingine za damu. Mgomba unanawiri, mtoto anabaki na makapi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawajaambiwa. Chuma kilicho ndani ya majani ni kigumu kuingia mwilini kuliko kile cha nyama na samaki. Kinahitaji msaidizi, na msaidizi mkubwa ni vitamini C inayoliwa katika mlo huo huo. Sasa kumbuka kwamba tumeshaimwaga kwenye mgomba!

Na kuna mpinzani wake ambaye tunamkaribisha kila siku mezani: chai. Majani ya chai hukishika chuma kisiingie mwilini. Anayekula dek na kushushia na chai ya rangi amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Chai isubiri saa moja hivi baada ya chakula.

Hapa ndipo kabeji inapopata heshima yake. Ni mboga tunayoweza kuila mbichi. Ikioshwa vizuri kwa maji safi, ikakatwa nyembamba na kukamuliwa ndimu, ile vitamini C yake inabaki karibu yote. Sahani yenye ugali, dek na kachumbari kidogo ya kabeji ni bora kuliko dek peke yake, na ni bora mara nyingi kuliko kabeji peke yake. Asiye na kabeji ale pera au chungwa pamoja na mlo.

BASI TUFANYE NINI

1. Kabla ya kufunga mafungu ya kuuza, toa la nyumbani kwanza. Hatusemi usiuze, karo na sabuni havingoji. Lakini mtoto wako awe mteja wa kwanza.

2. Osha majani kabla ya kuyakata, siyo baada ya kuyakata.

3. Pika kwa maji kidogo, funika sufuria, na usimwage maji. Uchungu ukizidi, changanya dek na bo, yaani kunde, au na ododo. Wazee wetu walichanganya hivyo tangu zamani. Magadi acha.

4. Maziwa yakikosekana, tumia njugu karanga zilizosagwa. Ndhiwa na Rongo hazikosi njugu. Mafuta ya njugu, au kijiko cha samli ambayo wazee huiita mo alenya, huusaidia mwili kuipokea ile rangi ya vitamini A.

5. Weka omena au kipande cha samaki hata kidogo. Samaki huongeza chuma chake na pia husaidia chuma cha majani kuingia. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, ponda dek iliyoiva vizuri pamoja na omena iliyosagwa laini.

6. Panda. Hata huko Awendo ambako miwa imefika mpaka mlangoni, kipande kidogo kando ya jiko kinatosha. Tia samadi iliyooza, mwaga mbegu kwa mistari ya futi moja, funika kwa udongo mwepesi. Mbegu iliyovunwa juzi huota kwa shida, basi tumia iliyokaa miezi kadhaa. Ukikata vichwa na maua kila mara, mmea utaendelea kutoa majani.

TUSIDANGANYANE

Siku hizi kuna watu wanaopita sokoni wakisema mboga fulani inatibu kila kitu. Dek ni chakula, wala si dawa. Tembe moja ya kuongeza damu ambayo kliniki humpa mama mjamzito ina miligramu 60 za chuma, na hakuna sahani ya dek itakayofika hapo. Mama mjamzito asiziache tembe zake. Vile vile, mtoto anaweza kukosa damu kwa sababu ya malaria au minyoo, na huko ziwani kwetu malaria haijatuacha. Mtoto akiwa na macho meupe na viganja vimepauka, apelekwe hospitali kwanza. Na ndugu anayetumia dawa za virusi vya Ukimwi azidi kuzimeza kila siku. Mboga nzuri itampa nguvu, lakini haitachukua nafasi ya dawa.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga hizi za kienyeji, ambazo wengi waliziona kama magugu au chakula cha maskini. Maandiko nayo yanatusimulia habari za Danieli na wenzake, waliokataa vyakula vya mfalme wakala mboga, na baada ya siku kumi nyuso zao zikaonekana nzuri kuliko za wengine. Aibu ya kula dek tuiache.

Yule mama tulimpata tena miezi michache baadaye. Bado anauza dek, na bado hununua kabeji mara moja moja. Tofauti ni kwamba fungu moja halifiki sokoni. "Hilo ni la huyu," alisema, akimwonyesha mtoto, ambaye safari hii hakuwa mgongoni. Alikuwa anamkimbiza kuku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Wiki iliyopita tuliuza mboga gani, na tulikula gani nyumbani?

2. Maji ya mboga kwetu huenda wapi?

3. Katika jumuiya yetu, nani ana mbegu nzuri ya dek, na anaweza kumgawia nani?