Chaja ya Pamoja: Tuhesabu Wati, Tusihesabu Matundu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo na ajali kazini. Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo kinachokaa mezani: chaja ya simu yenye matundu mengi. Tafadhali msicheke. Zamani mfanyakazi aliitwa kazini kwa king'ora cha kiwanda. Siku hizi msimamizi anapiga simu: "Njoo zamu ya usiku." Simu ikiwa imezimika, anaitwa mwingine. Wapo wenzetu wanaolipwa kwa simu, na wake zetu sokoni hupokea fedha kwa simu. Kwa hiyo chaja imekuwa chombo cha kazi, kama jembe au spana.

Sisi wa Kinama tumejifunza habari ya chaja kwa hasara. Tunaieleza hapa ili wenzetu wa viwandani na mashambani wasiilipie mara ya pili.

YALIYOTUPATA

Kinama iko kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Kamenge. Wengi wetu tunaishi familia nne au tano katika rugo moja, kwa mita moja ya umeme. Umeme ukikatika mchana na kurudi usiku, kila mtu anakimbilia priizi. Chumba chetu cha mikutano kilikuwa na priizi moja tu. Tulichomeka ralonji, na juu ya ralonji tukachomeka ralonji nyingine, na hapo zikaning'inia chaja saba au nane za kila namna. Siku moja ralonji iliyeyuka. Tukashukuru Mungu kwamba mtu alikuwa macho.

Tukaamua kuchanga na kununua chaja moja ya mezani ya kutumia wote. Wazo lilikuwa zuri. Kosa letu lilikuwa kuchagua kwa macho. Tuliona chaja yenye matundu kumi, bei yake ndogo, taa zake za rangi ya buluu, tukasema, "Hii ndiyo yenyewe." Mwanzoni simu zilijaa polepole mno. Juma la tatu tulisikia harufu, ukatoka moshi mweusi, meza ikaungua. Simu mbili ziliharibika. Moja ilikuwa ya kijana aliyekuwa akingojea kuitwa kazini. Alipigiwa, hakupatikana, nafasi akapewa mwingine. Tulichanga tena tukamnunulia simu. Kazi hatukuweza kumnunulia.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Lakini hata chaja ya bei kubwa inaweza kuwa mbaya. Dawa ni kusoma maandishi yaliyo mgongoni mwake.

KUSOMA MGONGO WA CHAJA

Geuza chaja. Kuna maandishi madogo. Neno INPUT ni umeme unaoingia. Neno OUTPUT ni umeme unaotoka kwenda kwenye simu. Volti ni nguvu ya msukumo, kama maji yanavyosukumwa katika bomba. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, nayo ndiyo kazi inayofanyika.

Chaja yetu ya matundu kumi iliandikwa OUTPUT 5V 4A. Tano mara nne ni ishirini. Basi jumla yake ilikuwa wati 20 tu. Simu kumi zikichomekwa, kila moja inapata wati 2. Ni sawa na mwajiri anayetangaza nyongeza kwa watu kumi: hatumshangilii kwanza, tunamwuliza jumla ya fedha ni kiasi gani. Sufuria ya ugali haiongezeki kwa kuongeza sahani.

Wauzaji wengine huandika kwa herufi kubwa kile kinachotoka katika tundu moja, kwa mfano 2.4A, na jumla wanaiandika kwa herufi ndogo. Chaja ya matundu sita yenye 2.4A kila tundu ingehitaji ampea 14.4. Lakini chini utakuta TOTAL 6A, yaani wati 30. Neno TOTAL au MAX ndilo la kutafuta. Kama jumla haikuandikwa popote, rudisha chaja rafuni.

TUNAHITAJI WATI NGAPI?

Simu kubwa nyingi za siku hizi zina betri ya mAh 5,000. Betri hiyo ikijaa huwa na umeme wa saa-wati 19 hivi. Ukiipa wati 5, itachukua zaidi ya saa 4 kujaa. Ukiipa wati 10 au 12, itachukua karibu nusu ya muda huo. Kwa mtu mwenye umeme mchana kutwa, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa sisi tunaopata umeme saa 3 kisha unakatika, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupatikana asubuhi na kutopatikana.

Kwa hiyo tunatumia kanuni nyepesi: kila simu kubwa ihesabiwe wati 10. Simu ndogo ya vitufe, tochi na redio ya kuchaji zihesabiwe wati 5. Kompyuta ya mapajani, kama yumo mwanafunzi katika rugo, ihesabiwe wati 45 hadi 65. Soma mgongo wa chaja yake ya zamani. Jumlisha, hapo utajua chaja ya kutafuta. Rugo yenye simu kubwa nne, simu ndogo mbili na redio moja inahitaji wati 55. Basi itafutwe chaja ya wati 60, hata kama jirani ana yenye matundu mengi zaidi.

Wengine wanaogopa kwamba chaja kubwa itaunguza simu ndogo. Chaja nzuri haisukumi umeme kwa nguvu; simu ndiyo inayovuta kiasi inachotaka. Hata tundu la USB-C lenye uwezo mkubwa huanza kwa volti 5, kisha huzungumza na simu, na halipandi mpaka volti 9, 15 au 20 isipokuwa simu au kompyuta imekubali. Katika chaja mbovu ndimo mazungumzo hayo huharibika.

MATUNDU YA AINA GANI?

Tundu la zamani, pana na bapa, linaitwa USB-A. Tundu jipya, dogo la mviringo, linaloingia upande wowote, ni USB-C. Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la USB-C, na kwa kompyuta za mapajani tarehe iliyowekwa ni 28 Aprili 2026. Viwanda vingi vinavyouza Ulaya huuza na kwetu pia, kwa hiyo USB-C itazidi kuwa nyingi. Lakini simu zetu za vitufe bado zipo, na waya zake ni za USB-A. Chagua chaja yenye aina zote mbili.

Angalieni pia namna ya kugawana. Chaja iliyoandikwa 65W mara nyingi hutoa wati 65 kwa tundu moja likitumika peke yake. Ukichomeka kitu cha pili, inaweza kugawa 45 huku na 20 kule. Wakati wa kugawa, simu huacha kuchaji kidogo kisha huendelea. Huo si ugonjwa. Na waya wa kawaida wa USB-C unabeba mpaka wati 60. Kwa kompyuta inayotaka zaidi ya hapo unahitajika waya wa ampea 5.

Siku hizi zipo chaja zilizoandikwa GaN. Badala ya silikoni peke yake zinatumia mchanganyiko wa galiamu na naitrojeni, hivyo hupoteza umeme kidogo kuwa joto na zinakuwa ndogo. Ni nzuri, lakini mezani udogo si lazima. Fedha hiyo ni afadhali iende kwenye wati na usalama.

PLAGI NA UMEME WA KWETU

Burundi tunatumia volti 220 na plagi ya miguu miwili ya mviringo. Tanzania, Kenya na Uganda wanatumia plagi ya miguu mitatu bapa ya Kiingereza. Bidhaa nyingi hutufikia kupitia bandari ya Dar es Salaam, na nyingine huja na miguu ya huko. Tumeona watu wakifungua priizi kwa kalamu au kijiti ili mguu usiolingana uingie. Acheni. Mguu usiokaza hutoa cheche, na cheche huleta moto. Tafuteni chaja ya mezani yenye waya wa kwetu, au iliyo na waya unaochomoka ili ubadilishwe.

Katika INPUT tafuteni 100-240V. Chaja ya namna hiyo huvumilia umeme unaposhuka jioni. Umeme ukikatika, chomoeni chaja kwenye priizi, na msiirudishe mpaka umeme utulie.

CHAJA BANDIA

Ndani ya chaja kuna kizuizi kinachotenga volti 220 za ukutani na volti 5 zinazofika mkononi mwako. Mtengenezaji mwizi hupunguza nafasi hiyo na vifaa vyake, kwa sababu mnunuzi haoni ndani. Mwaka 2016 chaja 400 bandia zenye jina la Apple zilipimwa na kampuni ya UL. Zilizofaulu kipimo cha usalama zilikuwa 3 tu, na 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kuua mtu kwa umeme.

Alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa maana yake ni kinga mbili, na chaja ya plastiki ya miguu miwili inapaswa kuwa nayo. Lakini alama huchapwa na yeyote mwenye mashine, kwa hiyo ongezeni vipimo vyenu. Maneno yaliyokosewa herufi ni dalili mbaya. Wepesi kama kiberiti mtupu ni dalili mbaya. Kubwa zaidi, jaribuni dukani: chomekeni simu nne kwa nusu saa kabla ya kulipa. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa mkono hauwezi kuvumilia, au kuna harufu, ondokeni. Na muuzaji atoe risiti yenye muhuri.

UGOMVI WA MITA

Sasa neno kwa wapangaji. Katika rugo nyingi mwenye nyumba au jirani hulalamika: "Simu zenu zinamaliza umeme." Tufanye hesabu kama tunavyofanya mezani na mwajiri. Simu kubwa kutoka sifuri mpaka kujaa, pamoja na umeme unaopotea njiani, hula saa-wati 25 hivi. Uniti moja ya mita ni saa-wati 1,000. Kwa hiyo uniti moja inajaza simu 40. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja inakula uniti hiyo hiyo. Basi anayelipishwa fedha nyingi kwa ajili ya simu, wakati mwenzake ana pasi na jiko la umeme, anaonewa. Achukue hesabu hii akazungumze kwa heshima.

Wenzetu wa mashamba ya chai kule Teza na Rwegura, na wote wanaotumia betri ya jua ya volti 12, hesabu ya wati ni ile ile. Ila nunueni chaja inayoingia moja kwa moja kwenye volti 12, kama zile za magari. Kuugeuza umeme wa betri kuwa volti 220, kisha kuurudisha kuwa volti 5, ni kuumwaga njiani.

MAKUBALIANO YETU

Chaja yetu ya pili ina matundu sita na wati 60. Ilitugharimu zaidi ya ile ya kwanza, lakini kwa kuchanga kila mtu alitoa kidogo. Inakaa juu ya kigae, si juu ya godoro wala chini ya kitambaa. Ralonji ya pili imeondolewa. Yuko mmoja anayeitunza na kuichomoa umeme ukikatika. Wa zamu ya usiku huchaji kwanza. Anayengojea kuitwa kazini hasubiri foleni.

Mji wetu unajua moto ni nini. Tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliteketea, na jasho la miaka likawa majivu kwa siku moja. Basi, ndugu, kabla hamjanunua, geuzeni chaja na kusoma. Asiyejua kusoma amwombe mwenzake amsomee. Chama ni kwa ajili hiyo pia.

Umoja ni nguvu.