Farasi uzeeni: Raha ipo, ila mwenye kumfuga apige hesabu ya miaka

MNAMO Septemba 19, 2022, jeneza la Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza lilipopitishwa katika uwanja wa kasri la Windsor, farasi mdogo mweusi kwa jina Emma alikuwa amesimama kando ya njia, hatamu zake zikiwa mkononi mwa mtunzaji. Juu ya tandiko kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha marehemu.

Malkia alifariki akiwa na umri wa miaka 96, na Emma alikuwa miongoni mwa farasi aliowapanda uzeeni. Mandhari hayo yanamfunza mambo mawili mzee yeyote anayetamani kumiliki farasi. Kwanza, umri pekee haumzuii mtu kumfurahia mnyama huyu. Pili, farasi anaweza kubaki hai baada ya mwenyewe kuaga dunia.

Kuhusu la kwanza, ushahidi ni tele. Hiroshi Hoketsu wa Japani alishiriki Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964, kisha akarejea Beijing mwaka wa 2008 na London mwaka wa 2012, akiwa na miaka 71. Alikuwa amefanya kazi ya ofisini kwa miaka mingi, na baada ya kustaafu ndipo akajitosa kikamilifu katika mazoezi.

Hata hivyo, si lazima mtu apande. Mumewe Malkia, Mwanamfalme Philip, aliacha mchezo wa polo mwaka wa 1971 akiwa na umri wa miaka 50 kutokana na maradhi ya viungo. Badala ya kuwaaga farasi, alianza kuendesha kigari kinachokokotwa nao, na aliendelea hata baada ya kutimu miaka 90. Wazee wengine hutosheka kumpiga farasi brashi, kumlisha na kumtembeza kwa kamba. Kazi hizo humtoa mtu kitandani asubuhi, humnyoosha viungo na kumpa mwenzi wa kumshughulikia.

Kwa anayetaka kupanda, tahadhari ni muhimu. Mifupa ya mzee huvunjika kwa urahisi na kupona polepole, hivyo kuanguka kunakomwacha kijana na vumbi tu kunaweza kumlaza mzee hospitalini. Inafaa avae kofia ngumu kila mara, apandie kwenye kijukwaa badala ya kujivuta kutoka ardhini, na achague farasi mfupi na mtulivu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hapa Kenya, ambako mbio za farasi huandaliwa katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, kama ilivyo kwingineko, farasi wa mashindano huachishwa mbio akiwa bado na nguvu tele. Bei yake inaweza kuwa nafuu, lakini mnyama huyo amefunzwa kutimka, si kumbeba mtu mwenye nyonga inayouma. Kwa mzee anayeanza, farasi wa miaka 12 hadi 18, aliyezoea watu na magari, ni chaguo bora kuliko mwanafarasi mwenye madaha.

Umri huo unafaa pia kwa sababu ya hesabu. Farasi anayetunzwa vyema huishi miaka 25 hadi 30. Mtu wa miaka 65 akinunua farasi wa miaka mitatu, mnyama atakapofika miaka 25, mwenyewe atakuwa na miaka 87.

Katika kipindi hicho chote, gharama hazipumziki. Farasi mwenye uzani wa kilo 500 huhitaji takribani kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na maji lita 25 hadi 50. Kwato zake hukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane, na meno yake hukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Aidha, katika nchi za kusini mwa Sahara, kuna ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na visubi wanaouma hasa kati ya magharibi na alfajiri. Kinga yake ni chanjo ya kila mwaka na kumrejesha mnyama bandani kabla ya jua kutua. Pensheni isiyotosha dawa za mwenyewe haitatosha haya.

Ndiposa baadhi ya wazee huamua kummiliki farasi kwa ubia na mtu wa umri mdogo, au kulipia kumpanda farasi wa mwingine mara kadhaa kwa wiki. Anayemnunua wa kwake anapaswa kuandika mapema, ikiwezekana katika wasia, ni nani atakayemchukua na fedha za lishe zitatoka wapi. Mrithi naye aulizwe kwanza, kwani si kila mwana hupenda alichopenda babaye.

Hata jamaa ya kifalme haikuepuka suala hilo. Mwezi mmoja tu baada ya mazishi ya Malkia, baadhi ya farasi wake wa mbio walipigwa mnada. Wao walipata wanunuzi. Farasi mkongwe asiyeweza tena kukimbia hana uhakika huo, na usalama wake hutegemea mpango uliowekwa mwenyewe akiwa bado na nguvu za kushika hatamu.